Hilo Usiliandike

Novemba 2006 nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Parokia siitaji. Tulikutana Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba: Injili kwa zile hatua saba za kuisoma na kuitafakari, matangazo, chai.

Tangazo la siku hiyo lilikuwa moja. Kila nyumba itoe tena shilingi 500 za mabati ya kanisa. Harambee ya mabati hayo hayo tulikuwa tumeifanya Pasaka, na mvua bado ilitudondokea sisi wanakwaya vichwani. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza taratibu, "Zile za kwanza Padre alizifanyia nini?"

Kimya. Shosho, yule bibi mwenye nyumba, akaweka birika chini.

"Mwalimu, si nyumbani kwangu. 'Msiwaguse masihi wangu.' Umesahau?"

"Sijamgusa, Shosho. Nimeulizia risiti."

Akatueleza kuwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1287, inataka waamini wapewe hesabu ya walichokitoa. Na ya 212 inawapa haki, pengine hata wajibu, wa kuwaambia wachungaji wanachokiona. Mimi na katekisimu yangu yote sikuwa nimewahi kuzisikia. Nilichofundishwa ni kwamba kumsema padre ni kusengenya, na kusengenya huungamwa.

"Hata Askofu Mkuu Milingo wa Zambia tulimwombea tu," mama mmoja akasema. "Hatukumhukumu."

"Mama, Roma imemtenga juzi Septemba kwa kuweka maaskofu bila idhini. Huko hawakusali tu."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Shosho hakucheka. Chai ya siku hiyo ilikuja bila maandazi, ingawa nilikuwa nimeyaona jikoni.

Tulipokuwa tukitoka, mwenyekiti akanishika kiwiko. "Katibu, hilo usiliandike."

Sikuliandika. Na wala si kwa kumheshimu Padre, nisijipambe. Kifungua mimba wangu alikuwa abatizwe Jumapili ya pili yake, na fomu ilikuwa bado mezani kwa Padre ikingoja sahihi.

Mwalimu aliacha kuja jumuiya. Padre akahamishwa, na paroko mpya akaomba madaftari ya jumuiya zote, aone kama kuna muumini aliyewahi kuulizia zile hesabu. Nikampelekea letu. Akafungua ukurasa wa Novemba, akasoma kwa sauti: "Matangazo: mabati. Sala ya kufunga. Chai."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Hapana, Padre," nikajibu.