Hapa Dar ukienda ofisini na baiskeli watu wanakupa pole

Swali ni lile lile siku zote, awe mlinzi wa getini awe bosi kwenye lifti, eti gari imepata nini? Nikisema sina gari naambiwa pole, Mungu atafungua njia. Nikiongeza kwamba hata siitafuti, hapo ndo mtu ananiangalia vizuri sasa kuanzia chini mpaka juu, baibui, begi mgongoni, helmeti mkononi, halafu anabadilisha stori. Kwa hilo nimeshazoea wala halinisumbui. Kinachonisumbua ni majibu mepesi ninayoyasoma kwenye magrupu kila mtu akiuliza kwanini baiskeli hazipandwi mjini, utasikia oh jua kali, oh jasho, oh sisi utamaduni wetu haupo hivyo na mwanamke ndo kabisa haiwezekani. Mi nimetoka Tanga jamani. Hayo siyo majibu.

Mi ni mtoto wa Ngamiani. Kama hujafika, Ngamiani ndo uswahilini kwetu, mitaa imenyooka na inaitwa kwa namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, unaenda hivyo mpaka namba za juu huko, na mji wenyewe tambarare, kutoka nyumbani mpaka bandarini au hospitali ya Bombo au shuleni Chumbageni hakuna mlima wa kukutoa pumzi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na miaka yote niliyomuona akifundisha alienda kazini kwa baiskeli. Baibui analikunja upande wa kulia analibana na pini kubwa lisiingie kwenye cheni, kikapu cha mbele kina madaftari ya wanafunzi kafunika na kitenge, mdogo wangu yuko kwenye keria nyuma kashika siti kwa mikono miwili na miguu kaitanua isije ikaingia kwenye spoki, na njia nzima mama anaitikia salamu. Na hakuwa peke yake, kulikuwa na manesi na sare zao nyeupe, makarani wa bandarini, kina mama wanaoenda soko la Mgandini, hata kwenye shughuli za harusi ulikuwa unakuta baiskeli za kike zimeegeshwa ukuta mzima na wenyewe wako ndani wamejifukiza udi wananukia. Hakuna aliyempa mwenzie pole. Na jua la Tanga ni hili hili la Dar, joto ni hili hili, bahari moja hii.

Sasa njoo Dar uangalie nani yuko juu ya baiskeli. Muuza madafu. Muuza mkate. Kijana aliyetoka Feri na ndoo ya samaki nyuma akiwahi mitaani kabla jua halijapanda. Wale wa magunia ya mkaa wanaoshuka kutoka pande za Pugu na Kisarawe. Na guta za Kariakoo zenye matairi matatu zimebeba friji na mabati na mtu anasukuma pedeli mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Wote hao wamebeba mzigo. Baiskeli ya hapa imebaki kuwa ya mzigo, mtu aliyepanda yeye mwenyewe tu anaenda kazini na laptop yake haeleweki kabisa yuko kundi gani, kwahiyo watu wanampanga kwa waliokwama kimaisha.

Kuna siku nilienda kupeleka makaratasi kwenye jengo moja mjini, mlinzi akanikatalia kuingia na baiskeli hata pale kwenye maegesho, dada hairuhusiwi, kaweke nje kule kwa muuza madafu. Magari yamepaki humo ndani mengine vumbi lake tu linakuambia halijasogea siku nyingi. Nikaenda kwa muuza madafu, nikakuta mtu ambaye anajua baiskeli kuliko fundi wangu. Yake ni Phoenix, ila ya kiwandani imebaki fremu tu, keria kachomelea nondo, stendi kachomelea miguu miwili mipana ili isimame na mzigo, rimu ya nyuma kabadilisha kaweka yenye spoki nene, na pale madafu yanapoegemea fremu kazungushia tyubu ya zamani yasipasuke. Anapakia Mbagala alfajiri anakuja nayo mpaka mjini kwa Kilwa Road, mzigo ukiwa mkubwa hapandi, anatembea pembeni yake anaisukuma njia yote hiyo. Nikamuuliza kaka barabarani wanakupa nafasi? Akasema daladala ikitaka kuingia kituoni inakuja hivyo hivyo, wewe ndo utajua pa kwenda, ukiangusha mzigo hasara yako. Halafu akaniambia akipata hela anaachana na hii anachukua boda. Sikuwa na cha kumbishia. Anayeendesha vizuri kuliko sisi wote, kila siku ya Mungu, anatamani kuacha, na ana haki, maana hii barabara haijamuwekea chochote.

Na hapa ndo nafika kwenye jambo lenyewe. Watu wanaongea kama vile kuishi bila gari Dar ni kitu cha watu wachache wenye mawazo ya kizungu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 hapa mjini, nenda Mbagala Rangi Tatu au Buguruni saa kumi na mbili asubuhi uwaone, wengi wao wako vituoni wanagombania mlango wa daladala, na wengine wanatembea kwa miguu kimya kimya kutoka Vingunguti kwenda viwandani au kutoka Manzese kwenda Kariakoo. Hao wote hawana gari! Kuishi bila gari ndo maisha ya kawaida ya mji huu. Kitu adimu ni mtu ambaye kazini wanampa barua ya mkopo akachukue gari ya IST halafu akasema asante, sihitaji. Kwahiyo tukisema Dar haina watu wa baiskeli tunasema uongo, inao, ila hakuna anayewahesabu, na barabara inapangwa kwa yule aliyeko ndani ya gari hata kama yuko peke yake humo.

Mi natokea Sinza naenda Posta. Naingia Shekilango, natokea Morogoro Road, Magomeni, Jangwani, Fire, nimefika. Nina bahati sana kwenye hilo maana mradi wa mabasi ya Mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016 ulijengwa na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni, kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, ukijumlisha na matawi ya Morocco na Kariakoo ni kama kilomita 20 na kitu, na Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata. Hiyo tuzo tulistahili, nasema kwa moyo wote, maana kuna asubuhi nateleza pale Magomeni hewa bado ya baridi, foleni ya magari imesimama kuanzia kwenye mataa na mi napita tu, naona nyuso za watu kwenye vioo wamechoka na siku haijaanza.

Lakini hiyo njia ya baiskeli ukiipita kila siku unaijua tabia zake. Unaanza vizuri, mbele kidogo boda zimejipanga zinasubiri abiria wa kituo, unashuka unazunguka, unapanda tena, unakuta mama kapanga nyanya na vitunguu kwenye turubai, simlaumu maana pale ndo wateja wanapita naye hakupewa pengine pa kukaa, ukimaliza hapo kuna gari imepandisha matairi mawili juu mwenyewe kaingia dukani mara moja, mara moja yenyewe nusu saa, halafu kuna chemba haina mfuniko mtu kachomekea tawi la mti kama alama, usiku hulioni hilo tawi. Ukichoka unashuka barabarani, na barabarani konda anampigia dereva kelele suka suka baiskeli hiyo, suka anapiga honi, boda zinakupita kushoto na kulia. Masika yakikolea Jangwani maji yanajaa barabara inafungwa, hapo hata mwenye V8 anakaa nyumbani. Na hii nayoisema ni barabara nzuri. Mtu wa Mandela Road na yale malori ya bandari sitamwambia hata siku moja apande baiskeli kesho, ntakuwa namdanganya.

Jasho lipo, lina dawa yake. Natoka nyumbani saa kumi na mbili jua halijawa kali, naenda taratibu, nguo za kazi ziko kwenye begi, nikifika naoga ndoo moja najifunga kanga navaa naingia kazini. Wenzangu waliobanana kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto wanafika wameloa kuliko mimi.

Umbali ndo kitu cha kweli. Tanga mtu anakaa kilomita tatu nne kutoka kazini. Dar kiwanja ukitaka cha bei unayoiweza unaenda Chanika, Bunju, Kibaha huko, na mtu wa Chanika hawezi kufika Posta kwa pedeli halafu afanye kazi siku nzima. Sawa kabisa. Ila huyo wa Kimara anayekaa ndani ndani huko Bonyokwa analipa boda asubuhi kumfikisha kituoni, jioni analipa tena, na hicho kipande ni kifupi, ni cha baiskeli hicho, mwezi mzima hiyo hela ya boda ni kitu kikubwa kwenye mshahara wa watu wengi. Sasa akifika kituoni aifunge wapi? Vituo ninavyopita mimi sijaona pa kufunga, ukiiacha kwenye nguzo ukirudi jioni unakuta nguzo. Bomba za chuma zimekunjwa zimechimbiwa chini na mlinzi ambaye tayari yupo pale analipwa, hicho siyo kitu cha kusubiri wafadhili jamani.

Kuhusu hela watu wananiuliza sana. Baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu ukiwa na laki mbili hivi unapata nzuri, matunzo yake ni pancha, cheni, breki na fundi wa mtaani. Agosti 2022 petroli ilipopanda hapa Dar ikapita shilingi 3,400 kwa lita wenzangu ofisini walikuwa wanaongea habari za mafuta kuanzia asubuhi mpaka jioni, wengine wanaacha gari nyumbani katikati ya wiki wanapanda Mwendokasi bila kumwambia mtu. Usiku sipandi, nalisema wazi, nikichelewa kazini au nina safari ya usiku nachukua bajaji au gari ya kuita kwa simu, mwanamke peke yake usiku kwenye njia isiyo na taa hiyo siyo ushujaa. Hata ukijumlisha na hizo bajaji bado haifikii mkopo wa IST na bima na mafuta na matengenezo.

Wanaosema hatuwezi kwa sababu ya milima nawaomba waangalie Kigali. Ile milima kweli kweli, na Septemba 2025 wameandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na tangu 2016 wana siku za kufunga baadhi ya barabara zisipite gari ili watu watembee na kukimbia na kuendesha. Na hapa hapa kwetu nenda Shinyanga au Kahama uone, kuna mahali ukisema daladala wanakuletea baiskeli, unakaa nyuma kwenye kigodoro unapelekwa.

Tanga kwenyewe siku hizi zimepungua, boda na bajaji zimejaa, mabinti wa sasa wengi hawaijui ile pini ya baibui. Na mama yangu huyo huyo, nikimpigia simu, ananiuliza mwanangu na wewe gari utanunua lini, wenzio wote wanazo. Namwambia mama si wewe ndo ulinifundisha kuendesha? Anasema enzi zile ilikuwa enzi zile. Hilo swali lake linaniuma kuliko la mlinzi yeyote, maana najua hanitakii mabaya, anaogopa watu watamuhesabia mtoto wake kafeli.

Ofisini kwetu niliomba sehemu ya kufunga baiskeli, nikaandika barua fupi, ikachukua muda lakini wakaweka bomba chini ya ngazi. Wiki hiyo hiyo tarishi wetu akaja kufunga yake hapo. Kumbe siku zote anakuja kwa baiskeli kutoka Vingunguti na alikuwa anaificha nyuma ya jenereta, na mimi nimepita pale kila siku sikuwahi kuiona. Baada yake akaja kijana wa aiti, anatokea Kigogo, sasa jioni tunatoka pamoja mpaka Magomeni, na wawili wakiwa pamoja boda zinakupa nafasi kidogo.

Sasa naomba msaada kwenu. Kuna dada wa Tabata kaniandikia anataka kuanza, kazi yake iko Upanga, na sitaki nimpitishe Mandela Road. Kama kuna mtu anatoka Tabata Kimanga au Segerea kuja mjini kwa baiskeli niandikieni mnapita wapi, mnavuka Msimbazi sehemu gani, na masika panapitika au hapapitiki. Na waliopo Mbagala pia, kuna kaka mmoja wa madafu nimemuahidi nitamuulizia kama kuna njia ya ndani ya kuikwepa Kilwa Road.