Konokono ambaye hakuthibitishwa

Semina ya leo iliwaka moto. Swali: akili mnemba iruhusiwe kwenye masomo ya sheria au la? Wengi wetu tunaitaka, ila tumechoshwa na kutojua mpaka uko wapi. Mhadhiri huyu anasema itumieni mradi mseme. Yule akiinusa tu, wewe ni mdanganyifu.

Kama kawaida ikaletwa kesi ya Mata dhidi ya Avianca, ya New York, 2023: mawakili walitaja mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000. Mimi kesi hiyo hainitishi sana. Kesi ya kubuni unaitafuta, huioni, basi.

Kinachonitia wasiwasi ni muhtasari ulio sahihi. Mwenzangu mmoja alifupishiwa na akili mnemba kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, ya 1932, kwa mistari michache safi: mwanamke, chupa ya kinywaji, konokono aliyeoza, mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji. Hakuna uongo hapo. Lakini nilipomuuliza konokono alithibitishwa kwa ushahidi gani, alinikodolea macho. Hakuwahi kuthibitishwa! Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliulizwa jambo moja tu: tuchukulie madai ni ya kweli, je, sheria inampa huyu mama haki ya kudai? Na majaji hawakuwa na kauli moja: watatu walisema ndiyo, wawili wakasema la. Lord Buckmaster, mmoja wa hao wawili, aliipinga haki hiyo vikali, na ukimsoma kwa utulivu unaanza kuona alichokiogopa. Uanasheria nauona pale, kwenye kubishana na jaji aliyeshindwa. (Hukumu ni ndefu na inachosha, sikatai.)

Mwenzetu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku alinijibu vizuri: saa sita usiku hana mtu wa kumuuliza, na programu humweleza dhana ileile hata mara kumi bila kununa. Sina la kumpinga. Hata mimi huitumia kujiandaa kwa mahakama ya kuigiza. Naiambia iwe wakili wa upande wa pili, inibane.

Mwingine akasema ofisi za mawakili zinazitumia tayari, tukizuiwa tutafika kazini washamba. Kweli, ila Chama cha Wanasheria wa Marekani kilipotoa mwongozo wake Julai 2024, kilibakiza mzigo kwa wakili mwenyewe: kazi ya programu lazima aihakiki kwa kiwango kinachofaa kazi hiyo. Sasa anayejua muhtasari tu ataihakiki kwa kutumia nini?