Tone Lililoning'inia Kwenye Giaboksi

Mama ndiye aliyeanza kulisema. "Gari linanuka likisimama," aliniambia. "Likiwa linakwenda silisikii." Nilimwomba arudie polepole, maana katika sentensi hizo mbili mlikuwa na habari nyingi kuliko karatasi nzima aliyokuja nayo kutoka gereji.

Karatasi ilisema sili ya nyuma ya krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inavuja, giaboksi ishushwe. Sili yenyewe ni pete ya mpira tu. Kinachotisha ni njia ya kuifikia. Imekaa kati ya injini na giaboksi, nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linaloshikana na klachi, kwa hiyo lazima giaboksi itoke, klachi itoke, flaiwili itoke, ndipo uione. Fundi alikuwa ameingia chini ya gari, akaona tone limening'inia pale injini inapoungana na giaboksi, akatoa hukumu. Tone lilikuwepo kweli. Nami nililiona nilipolipandisha gari kwenye jeki, nikaliwekea stendi, nikaingia chini na tochi. Lakini oili huanguka pale ilipochoka kutiririka, na hapo panaweza kuwa mbali sana na ilikotoka. Hushuka kwa uzito wake, hufuata mbavu za bloku na vichwa vya boliti, upepo wa safari huisukuma nyuma, na mvujo wa juu kabisa unaweza kuja kudondokea chini ya giaboksi.

Ndiyo maana maneno ya Mama yalinishika. Sili ya nyuma ikivuja, oili humwagika chini, mara nyingi haigusi kitu chenye moto wa kuiunguza. Harufu aliyoisikia ilikuwa ya oili iliyofika kwenye eksozi, na katika gari lile manifoldi ya eksozi, mabomba yanayopokea moshi wa moto kutoka kwenye silinda, iko juu, upande wa nyuma wa injini. Likiwa mwendoni, upepo unaipeleka harufu nyuma. Likisimama, inapanda na kuingia ndani kwa njia ya hewa. Kwa hiyo, hata kama sili ya nyuma ilikuwa mbovu, kulikuwa na mvujo mwingine juu yake ambao karatasi haikuutaja. Na oili kwenye eksozi si jambo la kuachia wiki ijayo, kwa sababu inaweza kuwaka.

Kwanza nilitaka kujua ni oili gani. Nililikinga tone kwenye karatasi nyeupe. Pale kwenye kiungio panaweza kutoka oili ya giaboksi pia, kupitia sili ya shafti yake ya mbele, nayo ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Hii ilikuwa ya kahawia iliyoiva, haina harufu hiyo. Oili ya injini.

Kisha kazi ambayo mafundi wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo nusu ya utambuzi wote: kuosha. Injini iliyolowa kila mahali haikuonyeshi kitu. Tulisubiri ipoe kabisa, Mama akafunga mifuko ya plastiki kwenye alteneta na kwenye soketi za nyaya, nami nikapaka dawa ya kuondoa grisi, nikasugua kwa brashi kuanzia juu kushuka chini, nikasuuza kwa maji ya nguvu ndogo.

"Sasa umefuta ushahidi," Mama akasema.

"Ushahidi wa zamani, Mama. Tunautaka mpya."

Ilipokauka nilipulizia poda nyepesi kwenye kuta za injini, mbali na mikanda na mbali na mdomo wa kuvuta hewa. Mama akaiwasha, tukaiacha ipate moto wake, kisha akaenda nayo mzunguko mfupi wenye mlima, kwa kuwa mvujo mdogo hupenda kujificha mpaka oili iwe nyepesi na injini ibebe mzigo. Aliporudi tulifungua boneti na kuitazama kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi.

Sheria ni kutafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Chini tayari palikuwa pameanza kumeta, lakini sikupatazama. Nilipandisha kioo taratibu nyuma ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, na pale, kwenye kona ya kava ya valvu, kile kifuniko cha juu ya hedi, iliyo upande wa giaboksi, poda ilikuwa imepasuliwa na mstari wa kahawia. Mstari huo uligawanyika: tawi moja lilikwenda kwenye manifoldi ya eksozi, lingine liliteremka mwisho wa hedi moja kwa moja hadi mgongoni mwa giaboksi. Nilimpa Mama kioo. Alikitazama kwa muda, akafuata mstari kwa kidole hewani kutoka juu hadi chini. "Ni huyu huyu mmoja," akasema.

Kuifungua kava hakukuwa na maajabu. Nilitoa koili za plagi, na ndani ya shimo moja la plagi nikakuta kidimbwi cha oili, dalili nyingine kwamba gasketi, mpira unaoziba kati ya kava na hedi, imechoka. Ilipotoka ilikuwa ngumu kama plastiki, ikavunjika vipande nilipoikunja. Kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi kinachoziba mwisho wa kemshafti, shafti inayofungua valvu, kilikuwa kimekakamaa vilevile, na kona ile ndiyo iliyopitisha oili.

Hapo ndipo ningeweza kuweka gasketi mpya na kufunga. Lakini mpira huzeeka kwa joto, na pia husukumwa. Ndani ya injini kuna mvuke na gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni, nazo huvutwa na valvu ndogo ya kupumulia ili zirudi zikaunguzwe. Valvu hiyo ikiziba, presha hutafuta sehemu dhaifu ya kutokea. Niliichomoa, nikaitikisa karibu na sikio. Nzima hulia kwa kugongagonga. Hii ilikuwa kimya, imeganda kwa masizi. Tulinunua zote pamoja: gasketi, nusu mwezi, sili za mashimo ya plagi na valvu ya kupumulia.

Muda mrefu zaidi uliliwa na kusafisha nyuso. Nilitumia kikwangulio cha plastiki, kwa kuwa chuma huikwaruza alumini na mkwaruzo ni njia mpya ya oili, na ndani ya hedi nilitandaza kitambaa ili uchafu usidondoke. Silikoni niliipaka kwenye kona za nusu mwezi peke yake, kidogo. Boliti nilizikaza kwa mzunguko, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka nyutoni mita 10 kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Ni boliti za spana ya 10, nyembamba. Ukizikaza kwa hasira kava inapinda, gasketi inabanwa mpaka inatoka mahali pake, na mvujo unarudi mkubwa kuliko wa awali. Tuliliacha gari lilale ili silikoni ishike.

Mama alirudi nalo kwenye mlima uleule. Kioo kilionyesha poda kavu, na harufu haikuwepo. Aliendelea kupima oili kila alipojaza petroli, bila kukumbushwa.

Miaka kadhaa baadaye klachi ilichakaa na giaboksi ikashushwa kwa sababu hiyo. Nilikwenda kuitazama sili ya nyuma kabla hawajaigusa. Ilikuwa kavu, na flaiwili haikuwa na hata tone. Sili tuliibadilisha tu kwa kuwa njia ilikuwa wazi.