Umeme ukirudi, madirisha yanajipanga yenyewe

Kazi yangu ni kutafsiri: mikataba ya upangaji, vyeti, fomu za hospitali, wakati mwingine katiba nzima ya chama cha ushirika. Nafanyia nyumbani, Tanga, kwenye kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Haina betri. Umeme ukikatika kila kitu kinazimika palepale.

Naomba nieleze meza yangu ilivyo, kwa sababu bila hivyo habari hii haieleweki. Nina skrini mbili. Kubwa ina pikseli 1920 kwa 1080. Kushoto kwake naweka PDF ya matini ninayoitafsiri, kulia naweka tafsiri yenyewe kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuandikia. Skrini ya pili ni ile ya zamani ya mraba, 1280 kwa 1024. Juu inakaa kamusi ya GoldenDict, chini yake faili langu la istilahi, na nyuma ya hizo mbili iko Firefox. Jicho limeshazoea. Likitoka kwenye sentensi ya Kiingereza linakwenda kulia, likikwama linaruka skrini ya pili, juu kwa maana ya neno, chini kwa uamuzi nilioufanya jana kuhusu neno hilo. Umeme ukirudi nilikuwa nafungua dirisha mojamoja, nalivuta mahali pake, napunguza upana, natafuta ukurasa nilioishia. Siku moja nilijipima kwa saa ya simu: dakika saba. Kuna siku umeme unakatika mara tatu.

Dakika saba ningezivumilia. Lililoniuma ni mkataba mmoja wa kurasa 31. Ukurasa wa 4 nimeandika "mpangishaji", ukurasa wa 19 "mkodishaji", na ni mtu yuleyule. Katikati hapo umeme ulikatika, nami niliporudi nilikuwa na haraka, nikafungua PDF na Writer tu, faili la istilahi nikaliacha. Mteja aliona. Akaniuliza kwa upole kama hao ni watu wawili tofauti. Kwenye barua ya kawaida hilo lingepita, lakini kwenye mkataba neno moja likibadilika sura, mwanasheria wa upande wa pili ana pa kuingilia. Nilirudia kazi yote bila malipo, neno kwa neno, na usiku ule niliamua kwamba faili la istilahi lazima liwe mbele yangu kila ninapokaa, nikumbuke nisikumbuke.

Wiki hizo mpwa wangu alikuwa likizo kutoka chuoni Dodoma. Alinikuta asubuhi navuta madirisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa, nikimaliza kupanga hapa tutakunywa chai."

Akaangalia kimya, kisha akasema: "Mjomba, hiki unachofanya jana ulikifanya vilevile, na juzi vilevile. Kitu kinachorudiwa bila kubadilika mwachie kompyuta."

Akafungua teminali, dirisha la kuandikia amri. Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux Mint badala ya Windows, toleo la Xfce kwa kuwa ni jepesi. Akasakinisha programu ndogo iitwayo wmctrl kwa amri moja, `sudo apt install wmctrl`, halafu akaandika `wmctrl -lx`. Ikatoka orodha ya madirisha yote yaliyokuwa wazi, kila moja kwenye mstari wake: namba yake ya utambulisho, aina ya programu, na jina lililo juu ya dirisha. Kisha akaandika amri nyingine fupi, na dirisha la Writer likasogea lenyewe hadi kulia. Siwezi kusahau lile dirisha lilivyokwenda bila mkono wa mtu. Alinionyesha hayo, tukanywa chai, na baada ya siku mbili alirudi chuoni. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe usiku, baada ya kazi.

Skripti yenyewe ni faili la maandishi la kawaida lenye amri zilizopangwa mstari kwa mstari, nawe unaliruhusu liendeshwe kwa `chmod +x`. La kwanza nililiandika hivi: fungua PDF, fungua Writer, fungua kamusi, subiri sekunde tano, kisha sogeza kila dirisha. Siku ya kwanza likafanya kazi vizuri sana. Siku ya pili umeme ulipokatika na kurudi, madirisha mawili yakakaa mahali pake na Writer ikatokea katikati ya skrini, imeziba kila kitu.

Sababu niliielewa baada ya kukaa na kutazama. Kompyuta ikiwa imewaka tangu asubuhi, LibreOffice inafunguka upesi kwa sababu sehemu zake bado zimo kwenye kumbukumbu. Ikiwa imewashwa sasa hivi, diski inasaga na Writer inaweza kuchukua nusu dakika. Sekunde tano zangu zilipita, amri ya kusogeza ikatolewa kwa dirisha ambalo halijazaliwa. Nikaweka sekunde kumi, kisha ishirini, kisha arobaini, na kila mara ikaja siku diski ikachelewa zaidi. Kukisia muda ni njia mbovu. Dawa ni skripti iulize: dirisha lipo? Kama halipo, isubiri nusu sekunde na kuuliza tena, mpaka lipatikane. Baada ya majaribio mengi nikafika hapa:

```
weka() {
  for i in $(seq 1 120); do
    id=$(wmctrl -lx | grep -i "$1" | grep -i "$2" | head -n 1 | cut -d' ' -f1)
    [ -n "$id" ] && break
    sleep 0.5
  done
  [ -z "$id" ] && return
  wmctrl -i -r "$id" -b remove,maximized_vert,maximized_horz
  wmctrl -i -r "$id" -e "0,$3"
}
```

Mizunguko 120 ya nusu sekunde ni dakika moja. Dirisha lisipoonekana ndani ya dakika hiyo, skripti inaliacha na kwenda kwenye linalofuata. Chini ya hapo kila dirisha lina mstari wake, kwa mfano:

```
weka xreader mkataba.pdf 0,0,960,1040
weka libreoffice-writer tafsiri.odt 960,0,960,1040
weka libreoffice-writer istilahi.odt 1920,512,1280,480
```

Namba nne za mwisho ni umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Kompyuta inaziona skrini zangu mbili kama ubao mmoja wenye upana wa pikseli 3200, ndiyo maana skrini ya pili inaanzia 1920.

Ule mstari wenye maneno `remove,maximized` ulinigharimu jioni nzima. Dirisha likiwa limetanuliwa kujaza skrini, unaliamuru lisogee nalo linabaki palepale, na wala hakuna ujumbe wa kosa. Lazima kwanza uliondolee hali ya kutanuliwa, ndipo likubali kwenda. Nilikuwa nahesabu pikseli upya kila mara nikidhani hesabu zangu ndizo mbaya.

Na kwa nini natafuta kwa aina ya programu pamoja na jina la faili? Mwanzoni nilitumia jina la dirisha peke yake. wmctrl inaridhika na kipande chochote cha jina kinacholingana. Siku moja nilikuwa na ukurasa wa Firefox wenye neno "mkataba" kwenye kichwa chake, basi Firefox ndiyo ikachukua nafasi ya PDF. Nikifungua nyaraka mbili za Writer, zote ziko chini ya programu moja inayoendeshwa, kwa hiyo huwezi kuzitenganisha bila majina ya mafaili. Kwa Firefox nafanya kinyume, natafuta aina peke yake, kwa sababu kichwa chake kinategemea ukurasa, na ukurasa unategemea intaneti, na intaneti yangu ina siku zake.

Kuna jambo lingine lililonisumbua. Skrini ya zamani waya wake umelegea, na siku nyingine haiwaki. Skripti ilikuwa inapeleka kamusi kwenye pikseli ya 1920 na kuendelea, mahali ambapo hakuna skrini, na kamusi inapotea machoni ingawa imefunguliwa. Sasa kabla ya yote skripti inahesabu skrini kwa `xrandr | grep -c ' connected'`. Angalia ile nafasi kabla ya neno. Bila hiyo itahesabu na milango isiyounganishwa, kwa kuwa neno "disconnected" lina "connected" ndani yake, na utaambiwa una skrini nne. Ikikuta moja, inapanga kwa njia nyingine: PDF juu, tafsiri chini, istilahi kipande chembamba pembeni.

Dirisha kuwa mahali pake bila ukurasa sahihi ni nusu ya kazi. Kwa PDF naandika namba ya ukurasa kwenye faili dogo kila ninapouvuka, na skripti inaisoma na kumpa msomaji wa PDF kwa `--page-label`. Kwa LibreOffice nilihangaika sana mpaka nikagundua kwamba programu yenyewe inakumbuka mahali ulipoishia kuandika, ila sharti moja: uwe umejaza jina lako kwenye sehemu ya taarifa za mtumiaji katika mipangilio. Mimi sikuwahi kulijaza. Nilipolijaza, nikifungua faili na kubonyeza Shift na F5, mshale unakwenda ulipokuwa. Hapohapo kwenye mipangilio nikapunguza muda wa kujihifadhi kuwa dakika tatu. Hilo la pili nakusihi ulifanye leo hata kama hayo mengine ya skripti huyataki.

Kila kazi ina faili lake la skripti ndani ya folda moja, nami nimezifunga tatu zinazotumika sana kwenye kibodi, kupitia mipangilio ya njia za mkato ya Xfce: Super (kitufe chenye nembo ya Windows) na 1 ni mikataba, Super na 2 ni vyeti, Super na 3 ni uhariri wa mwisho, ambapo PDF na tafsiri zinapewa skrini nzima kila moja. Ningeweza kuiambia ianze yenyewe mara tu ninapoingia kwenye kompyuta. Sikutaka, maana binti yangu naye anaitumia kusomea jioni, na asikute mikataba ya watu imefunguka mbele yake. Vilevile sikuiruhusu kompyuta ijiwashe umeme unaporudi. Huku kwetu umeme ukirudi huwa unapepesa mara mbili tatu kabla ya kutulia, na hiyo ndiyo inayoua diski. Nangoja kidogo, nawasha, nabonyeza. Kutoka hapo mpaka meza kutimia ni kama dakika moja, nayo ni ya diski kusaga.

Rafiki yangu mtafsiri wa Mombasa aliomba skripti hii nikamtumia. Haikufanya lolote. Tulipigiana simu jioni mbili tukitafuta kosa kwenye herufi, kumbe kosa halikuwa kwenye herufi. Yeye anatumia Ubuntu 22.04, ambayo kwa kawaida inaingia kwa mfumo mpya wa maonyesho uitwao Wayland, wakati Mint yangu inatumia ule wa zamani, X11. Kwenye X11 programu yoyote inaweza kuona na kusogeza madirisha ya programu nyingine. Wayland haikubali hilo, na wana hoja, kwani programu inayoweza kusogeza dirisha la mwenzake inaweza pia kuchungulia unachoandika humo. Njia iliyomfaa ni kutoka, kisha kwenye ukurasa wa nywila kubofya kile kigurudumu kilicho pembeni chini na kuchagua Ubuntu on Xorg. Skripti ikaenda mara ya kwanza. Nilimwambia ajue kwamba matoleo yajayo yanaelekea Wayland, na siku moja hata mimi itabidi nitafute njia nyingine.

Dada mwenye stesheneri mtaani kwetu yeye ana Windows. Kwake nilitumia AutoHotkey, programu ya kuandikia skripti za Windows, na nilifurahi kukuta amri ya WinWait imo tayari, inasubiri dirisha mpaka litokee, kisha WinMove inaliweka mahali pake. Kile nilichokijenga kwa wiki tatu kwa kitanzi changu, wao wamekiweka kwenye neno moja. Skripti yake ina mistari tisa: daftari la mauzo kushoto, folda ya kazi za wateja kulia, na programu ya skana juu yake.

Faili la istilahi sasa lina maneno 640. Liko pale chini kwenye skrini ya mraba, na mstari wa kwanza kabisa ni "mpangishaji".