Mafuta ya mgando yalivyoniokolea makufuli na betri

Ukipanga nyumba Sahare, hapa Tanga, upepo wa bahari unaufurahia jioni, gharama yake unaiona kwenye vyuma. Kufuli jipya la geti halimalizi masika kabla halijaanza kugoma. Bawaba zinalia, komeo la dirisha linavimba kwa kutu, mkasi uliosahaulika dirishani unatoka madoa ya kahawia. Zamani nilikuwa naita fundi, au nanunua kingine. Siku hizi kazi nyingi kati ya hizo nazimaliza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya mgando, yale yale ya kupaka watoto, ila nachagua yasiyo na manukato.

Aliyenifumbua macho ni Babu mmoja fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Nilimpelekea baiskeli ya kijana wangu, siti imenasa, haipandi wala haishuki. Akaigongagonga mpaka ikatoka, akakwangua lile bomba la siti kwa msasa, akalifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akachovya kidole kwenye kopo na kulipaka utando mwembamba toka juu mpaka chini.

"Babu, si ungetia grisi?" nikamuuliza.

"Grisi ikiwepo natia, mwanangu. Tunachotaka hapa ni maji ya chumvi yakose pa kupita. Lakini kutu usiifunike. Ukiifunika, inakula ndani kwa ndani."

Basi nimeshika hilo. Mafuta ya mgando hayaondoi kutu, yanazuia tu unyevu usifike kwenye chuma. Hayachanganyiki na maji, na hayafanyi kama mafuta ya kupikia, ambayo yakikaa sana yanageuka utomvu wa kunata. Hata kwenye ngozi kazi yake ni hiyo hiyo: hayaongezi maji mwilini, yanazuia yaliyopo yasitoke, ndiyo maana yanafaa zaidi ukipaka mara tu baada ya kuoga. Na asili yake ni huko huko kwenye mitambo. Mwaka 1859 mkemia Robert Chesebrough alikwenda Titusville, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kulikochimbwa mafuta ya petroli. Akakuta wafanyakazi wakilalamikia nta nzito inayoganda kwenye vyuma vya pampu, huku wao wenyewe wakijipaka nta hiyo kwenye michubuko na penye kuungua. Akaisafisha, na mwaka 1872 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya Vaseline. Kwa hiyo tunaposhangaa mtu kuyapaka kwenye chuma, ukweli ni kwamba yalianzia kwenye chuma.

Kufuli la geti nalitunza hivi. Nalisugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya kawaida kutoa chumvi, nalianika juani likauke kabisa, nakwangua kutu, halafu napaka mafuta kwenye ule mkono wa chuma unaopinda na kwenye matundu unamoingia. Kidogo tu, ziada naifuta. Tundu la ufunguo siligusi kwa mafuta hata siku moja, maana yananasa vumbi na mchanga, na baada ya muda ufunguo unakuwa kama unazunguka kwenye uji. Huko natumia penseli: nakwangua ncha yake kwa wembe, ule unga mweusi naupuliza ndani, natia ufunguo na kuzungusha mpaka ulegee. Wakati wa mvua naning'iniza kipande cha tyubu ya baiskeli kulifunika tundu, na nahakikisha mafuta hayakigusi, kwa sababu mafuta haya na mpira ni maadui.

Betri ya sola ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ni ile ya maji ya asidi, na vichwa vyake vilikuwa vikiota unga mweupe wenye ukijani, taa zinafifia wakati betri yenyewe imejaa. Navaa glavu, nazima kila kitu, nachomoa kwanza waya za paneli, kisha nafungua waya wa hasi wa betri ndipo nafungua wa chanya. Sigara na kibiriti vikae mbali. Nayeyusha magadi kidogo kwenye maji ya moto, nachovya mswaki na kusugua. Unaona povu linachemka pale asidi ilipo, likitulia ujue imekwisha. Vifuniko vya betri viwe vimekazwa, hayo maji ya magadi yasiingie ndani. Nafuta kwa maji safi, nakausha, nafunga chanya kwanza, hasi mwisho, nakaza barabara. Mafuta yanakuja baada ya kukaza, kwa juu, kufunika kichwa chote na kibano chake. Ukiyajaza katikati ya chuma na chuma unajitafutia taabu, kwani hayapitishi umeme.

Sisimizi nao. Miguu ya kabati la chakula naizungushia mkanda wa mafuta, upana wa vidole viwili, na hawavuki. Vumbi likijaa juu yake wanapata daraja, kwa hiyo nafuta na kupaka upya. Kabati lisiguse ukuta, la sivyo wanapita huko na kazi yote ni bure.

Zipu ya begi inayokwama, kifuniko cha chupa ya gundi, pete iliyonasa kidoleni: hayo kila mtu anayajua. Kabla ya kupaka rangi milango, pakaza kidogo kwenye bawaba na vitasa, matone ya rangi yatafutika kwa kitambaa.

Kuna pahala siyatumii. Mnyororo wa baiskeli, kwa sababu ya mchanga. Visu vya jikoni, kwa sababu mafuta ya kujipaka si chakula. Chochote kinachokaa karibu na moto. Chochote cha mpira wa asili, kondomu zikiwemo, kwani mafuta haya yanaudhoofisha mpaka upasuke. Na penye kuungua muda huo huo siyapaki, naweka kwanza maji baridi yanayotiririka, maana mafuta yanafungia joto ndani.

Kopo la makufuli nimelitenga na la watoto. Kidole kilichotoka kwenye msasa na kutu kinaacha vipande vya chuma humo, na havifai kufika kwenye shavu la mtu.