Mnara wa Singel Niliouona Karatasini

Jumapili iliyopita tulikuwa tukivuka daraja la Torensluis, juu ya mfereji wa Singel mjini Amsterdam, binti yangu akasimama juu ya yale mawe yaliyopangwa kuonyesha msingi. "Mama, hapa palikuwa na nini?" Nikamwambia palikuwa na mnara, Jan Roodenpoortstoren, ukabomolewa mwaka 1829. Akanikazia macho: "Sasa wewe umeujuaje?"

Nimeuona. Ni zamani, nikiwa bado nafanya kazi za usiku. Asubuhi badala ya kwenda kulala nilipitia kwenye nyaraka za mji wa Amsterdam, lile jengo la De Bazel mtaa wa Vijzelstraat, nikaomba kuona michoro ya karne ya 18 iliyochorwa ili ichapwe. Nikaletewa mnara wenyewe, kwa kalamu na wino wa kijivu, maji ya Singel chini yake, na boti imefungwa pembeni.

Ulikuwa mzuri, lakini kilichonishika ni kingine. Mama mmoja mhudumu aliniambia niiname niutazame kwa ubavu. Nikainama mpaka shavu likakaribia meza. Mwanga wa dirishani ulipoambaa juu ya karatasi, nikaona mistari imebonyea: kila fremu ya dirisha, kila pembe ya ukuta, mpaka kamba ya ile boti, imepitiwa na ncha butu ya chuma. Nyuma ya karatasi kulibaki vumbi la chaki nyekundu. Mchonga bamba, yaani fundi wa kuchonga picha kwenye shaba ili ichapwe, alikuwa ameulaza mchoro juu ya shaba iliyopakwa nta, akaufuatisha mstari kwa mstari ili chaki iache alama kwenye nta. Na kwa kuwa picha ikichapwa hugeuka, kushoto kukawa kulia, kazi ya kuugeuza mji ilibidi ifanyike kabla ya shaba kuguswa, la sivyo mnunuzi wa Amsterdam angeona mnara wake umehamia ng'ambo ya pili.

Nilimkumbuka mama yangu Unguja na kofia zake za viua. Alichora maua kwa penseli kwenye kitambaa, kisha uzi ukaja kuifunika ile penseli yote. Nilikaa pale hadi machozi yakanilenga. Sijui kama ni usingizi au ni ile mistari.

Basi tangu siku hiyo nawafuatilia wachoraji na wachonga bamba wa wakati ule. Jan de Beijer, aliyezaliwa Aarau, Uswisi, mwaka 1703, akaja kuchora miji ya Uholanzi hadi vijiji vyake. Reinier Vinkeles. Caspar Philips, ambaye kati ya 1768 na 1771 alitoa kitabu chenye michoro ya nyumba za kando ya mifereji ya Herengracht na Keizersgracht, moja baada ya nyingine, hakuna iliyorukwa. Leo mtu akitaka kujua nyumba fulani ilikuwa na paa la namna gani, anawategemea watu hawa.

Lakini mkusanyo maarufu kuliko yote wa picha za Amsterdam za wakati ule unaitwa Atlasi ya Fouquet, kwa jina la Pierre Fouquet, mfanyabiashara aliyeagiza kazi na kuiuza. Najua bila fedha zake huenda shaba isingechongwa. Hata hivyo naona uchungu kwamba mkusanyo una jina lake na si la waliochora, na binti yangu nimemtajia majina ya wachoraji kwanza.