Siku ya Kufunga Injini ya Subaru, Ndeeba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua gereji. Barabara ya Masaka imeshajaa taksi na boda, makondakta wanaita abiria, nami nashika ufagio. Leo nafunga bloku, yaani mwili wa injini, na punje ya mchanga ikiingia kwenye beringi, vile vipande vya chuma ambamo mhimili wa injini unazunguka, kazi yote inarudi mezani.

Watu wakisikia "fundi wa Subaru" wanamwona mtu mwenye ovaroli chafu anayefanya gari lipige kelele usiku. Wengine wanamwona mwizi wa vipuri. Ukweli ni kwamba siku kama ya leo spana nazishika kidogo sana. Naosha, napima, naandika vipimo kwenye kadibodi, halafu naosha tena.

Gari lenyewe ni Impreza WRX, injini EJ20 yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Mwenyewe ni kijana wa Eldoret anayefanya biashara hapa Kampala, na wikendi hulipeleka kwenye uwanja wa mbio wa Busiika kushindana na wenzake. Lililetwa likivutwa kwa kamba, injini inagonga kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Tulipoifungua, beringi ya konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na mhimili, ya silinda ya tatu ilikuwa imesagika, na oili ndani ya sampu, bakuli la chini ya injini, inametameta chembe za chuma. Oili ilikuwa imepungua na hakuna aliyevuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Kwenye kona ndefu, kile kidogo kilichobaki kikakimbilia upande mmoja, pampu ikanyonya hewa. Kwa injini ya turbo iliyokanyagwa hadi mwisho, sekunde chache za namna hiyo zinatosha.

Saa mbili. Baraka, kijana wangu kutoka Bukavu, anarudi kutoka Katwe na kranki, ule mhimili wa injini, iliyong'arishwa. Ile ya zamani haikufaa, hii tuliitafuta soko la vipuri la Kisekka tukaipima kabla ya kulipa. Chai, chapati, kazi.

Hadi saa tano ni kupima tu. Beringi inatakiwa iache nafasi ya oili ya sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Unalaza kiuzi cha plastiki juu ya kranki, unafunga kofia ya konrodi kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, unaifungua tena, kisha unalinganisha upana wa kiuzi kilichobanwa na alama za kwenye karatasi yake. Nafasi ikizidi, presha ya oili inashuka. Ikipungua, chuma kinakula chuma. Baraka alichoka mapema akauliza, "Patroni, tunapima tena ya nini na beringi ni mpya?" Nikampa maikromita, kile kipimo cha unene, apime mwenyewe. Ndiyo shule yenyewe.

Saa sita kasoro anaingia mwenye gari, na rafiki yake.

Rafiki huyu namfahamu kwa aina, maana kila mwenye gari la mbio anaye mmoja. Ametazama video nyingi, hajawahi kushika spana. Anazunguka meza, anataka kugusa kranki kwa vidole vyenye mafuta ya rolex, ile chapati ya kukunja na mayai. Namwambia, "Kaka, tafadhali, hiyo usiishike." Anacheka. Mwenye gari anauliza kwa upole, "Fundi, hii kipoza oili mpya kwenye orodha ni ya nini? Ile ya zamani haijatoboka."

Namweleza. Beringi iliposagika, chembe zake zilisafiri na oili kila ilikopita: kwenye filta, turbo, silinda hedi (kifuniko cha silinda), kipoza oili. Bloku naiosha kwa brashi mpaka nione mwanga upande wa pili wa kila tundu. Kipoza oili ndani yake ni njia nyembamba zilizopindapinda, huwezi kuzifikia. Unaweza kumwaga petroli humo hadi jioni, na bado chembe moja itangoja injini ipate moto ndipo itoke, iingie kwenye beringi mpya.

"Lakini fundi, petroli inasafisha," anasema rafiki.

Narudia, taratibu. Anasema kuna jamaa alitumia cha zamani na gari linatembea mpaka leo. Nauliza linatembea wapi. Hajui. Mwenye gari anapiga hesabu kwenye simu, anapumua, anasema Jumamosi kuna mbio. Nashika beringi mbovu, naiweka kiganjani mwake, namwambia aipeleke nyumbani. Wanabishana wao kwa wao kwa Kiswahili cha Eldoret, kisha mmoja anapokea simu, mwingine anataka soda. Karibu saa nane ndiyo wanaondoka. Kipoza oili wamesema watafikiria. Chakula changu, matoke na njugu, kimeshapoa.

Sasa hapa ndipo kazi inapokuwa haina huruma. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia, mbili kushoto, na bloku ni nusu mbili zinazobana kranki katikati. Baina ya nusu hizo hamna gasketi ya karatasi, ni silikoni tu. Ukishaipaka, huna ruhusa ya kwenda kupokea simu. Nimepaka, Baraka anashusha nusu ya pili, mimi naelekeza konrodi zisigonge ukuta wa silinda, na umeme unakatika. Nje wingu limefunga. Tumefunga bolti kwa mpangilio wake, yeye ameuma tochi ya simu mdomoni, mimi nasikiliza mlio wa toki renchi. Simu inaita, namba ya mwenye gari. Ikaita mpaka ikakata.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Mvua ikanyesha, bati likapiga kelele, tukawa tunaongea kwa ishara. Pistoni za injini hii zinaingia baada ya bloku kufungwa. Pini yake inapitishwa kwenye tundu la ubavuni, mbili za mbele kutoka mbele, mbili za nyuma kutoka nyuma, na mwisho wa pini kuna klipu ndogo ya kuizuia. Hiyo klipu unaiweka kwa koleo jembamba ndani ya tundu usiloona vizuri. Ikiruka ikadondokea ndani, unafungua kila kitu. Kwa hiyo kitambaa kinajazwa chini, pumzi inashikiliwa, shingo inauma, na Baraka anaambiwa asicheke. Moja. Ya pili. Ya tatu ilikataa mpaka nikaenda kusimama nje kidogo kwenye mvua. Ya nne ikaingia mara moja, sijui kwa nini.

Usiku. Nimezungusha kranki kwa mkono, inakwenda sawa mzunguko mzima. Tumeifunika kwa nailoni. Kesho silinda hedi na mkanda wa taimingi, kisha tutazungusha kwa stata bila petroli mpaka presha ya oili ipande.

Kwenye simu kuna ujumbe: "Fundi, Jumamosi nitakimbia?" Nimemjibu kwamba injini mpya kwanza inatembezwa polepole, Busiika isubiri. Na kipoza oili kisipofika, hedi nitazifunga, lakini ufunguo sizungushi.